Elimu ya Wanyama wa Porini Yamfaa Nini Mwenye Ng'ombe?

Mzazi aliyeuza ng'ombe ili alipe karo hushangaa mwanawe anapomwarifu ya kuwa atakwenda chuo kikuu kusoma habari za wanyama wa porini. Kama angalitaja udaktari au sheria, mzee angaliridhika. Lakini nyumbu? Tembo wamekwisha kula mahindi yake, na fisi wamekula mbuzi zake. Anawajua kuliko mwalimu yeyote. Kwa kweli ujuzi wake si wa kudharauliwa.

Hata hivyo iko habari moja impasayo kila mwenye ng'ombe, nayo ni ya sotoka. Ugonjwa huo uliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ukafyeka ng'ombe, na Wamasai wengi wakafa kwa njaa. Nyati na nyumbu walikufa vilevile. Kwa muda mrefu watu waliamini ya kuwa wanyama wa porini ndio wanaoutunza ugonjwa na kuwaambukiza ng'ombe. Basi katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ng'ombe waliokuwa kandokando ya Serengeti, huko Tanganyika ya siku zile, walichanjwa. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja. Lakini baada ya mwaka 1963 sotoka ilitoweka katika nyumbu pia. Ikabainika ya kuwa ng'ombe ndio waliokuwa wakiwaambukiza nyumbu!

Jambo hili lisingalijulikana bila kuhesabu. Wataalamu walipanda ndege, wakapiga picha za makundi kutoka juu, kisha wakaketi kuhesabu kichwa kwa kichwa. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama robo ya milioni. Kufika mwaka 1977 walikuwa wamezidi milioni moja na robo. Walipokuwa wengi walikula nyasi nyingi, zikabaki chache za kuungua wakati wa kiangazi. Mioto ikapungua, na miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Hivyo chanjo ya ng'ombe ilisaidia kurudisha miti mahali ambapo ng'ombe hao hawakufika.

Mambo ya namna hiyo ndiyo anayofundishwa mwanafunzi, pamoja na mimea, udongo, magonjwa, sheria, na hesabu nyingi mno. Adhaniye ya kuwa ni kutembea na kutazama simba atarudi kwao mapema.

Zamani Bwana Nyama alikuwa Mzungu, na Mwafrika alikuwa askari wake. Mwaka 1963 chuo cha Mweka kilifunguliwa katika mteremko wa Kilimanjaro, juu ya Moshi, ili kuwafunza Waafrika kuishika kazi hiyo. Siku hizi shahada hupatikana huko Mweka, na katika vyuo vikuu vya Sokoine na Eldoret pia. Mzazi asidanganywe, lakini: nafasi za kazi si nyingi.

Na tembo wa mahindi je? Wataalamu, miongoni mwao Dkt. Lucy King aliyesoma Oxford, waligundua ya kuwa tembo huwakimbia nyuki. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wametundika mizinga juu ya waya kuzunguka mashamba yao. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Si kila tembo azuiwaye, ila mwenye shamba hurina asali.