Neno 'Dawa' Laweza Kumponza Mgonjwa

Mzee mmoja, jirani yangu mtaani Umoja, anatibiwa saratani ya mapafu kwa kemotherapi. Hivi majuzi nilimsindikiza kliniki. Daktari akamwuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine unazotumia?" Akajibu bila kusita, "Hakuna, daktari."

Tuliporudi kwake, niliona mezani chupa kubwa ya maji ya mwarobaini. Nilipomwuliza, alishangaa: "Ile si dawa, mwalimu. Ni majani tu."

Je, alisema uongo? La hasha. Kwake yeye, dawa ni ile iandikwayo na daktari. Lakini amwuziaye majani hayo pale Gikomba huyaita dawa pasi na wasiwasi. Na mti wenyewe umepata jina kwa kusifiwa kuwa hutibu maradhi arobaini. Sisi walimu wa lugha twajua kwamba katika Kiswahili dawa ni kidonge, ni mzizi, ni hirizi, na hata sumu ya panya.

Mimea si adui wa hospitali. Vinorelbini, mojawapo ya dawa za saratani ya mapafu, asili yake ni ua la Madagaska ambalo hupandwa kama pambo hata hapa Nairobi. Tofauti ni kipimo. Daktari huhesabu miligramu. Chupa ya jikoni haina hesabu. Isitoshe, vyote viwili hupitia ini lile lile. Mnamo 2002, watafiti wa Uholanzi walionyesha kuwa hiperikumu, mmea wa Ulaya unywewao kutuliza huzuni, ulipunguza kwa asilimia 42 kiini chenye nguvu cha irinotekani, dawa ya saratani, katika damu ya wagonjwa. Waliokuwa wakitafuta nafuu mbili walipunguziwa ile moja.

Basi swali la kliniki na libadilike: "Mzee, nyumbani unakunywa nini? Majani, mizizi, magome?" Tena liulizwe bila dharau, kwani anayekemewa leo ataficha chupa kesho. Nanyi walimu wenzangu, mnapofundisha maana za maneno, mfano huu utawafaa wanafunzi, ambao wengi wao ndio huwasindikiza wazee wao hospitalini.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Jirani yangu hakuficha kitu. Aliulizwa kwa neno lisilokuwa lake. Zamu iliyofuata alikwenda na chupa yake mkononi.