Hesabu ya mwaka si ya shilingi pekee

MALI bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari. Methali hii hupendwa sana na wafanyabiashara na viongozi wa vyama vya ushirika, na aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mtu asiyeandika anachouza na anachonunua. Hata hivyo, neno mali lina mapana yake katika lugha yetu. Wazee wetu husema kuwa mtoto ni mali, na mtu aliyeuguza mgonjwa kwa muda mrefu hahitaji kuelezwa kwamba afya nayo ni mali. Iwapo hivyo ndivyo, basi daftari la mwaka haliwezi kuwa na ukurasa mmoja tu wa mapato na matumizi.

Nakuomba, msomaji mpenzi, tuutazame mwaka wa 2024. Nimeuchagua kwa makusudi. Ulikuwa mwaka ambao Wakenya wengi waliufunga kwa kuhesabu hasara. Mafuriko ya Aprili na Mei yaliwaua watu, yakabomoa nyumba na kuchelewesha kufunguliwa kwa shule. Mwezi wa Juni vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na baadhi yao hawakurudi makwao. Wahadhiri wa vyuo vya umma, nikiwa mmojawapo, walisusia kazi Septemba na tena baadaye katika mwaka uo huo. Katika hali kama hiyo ni rahisi mtu kuamini kwamba hesabu ya pekee yenye maana ni ile ya shilingi. Dai langu ni kinyume cha hayo: nyumba inayohesabu shilingi peke yake hukata kwanza vitu vinavyoishikilia isianguke.

Kwa kuwa kazi yangu ni ya lugha, nitayapima haya kwa maneno manne: jamaa, makato, uraibu na kutalii.

Jamaa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na shina lake lina maana ya kukusanyika. Ndilo lililotupa pia jamii, jumuiya na hata Ijumaa. Ajabu ni kuwa tunapoandaa makadirio ya fedha za nyumbani, mkusanyiko huo tunaupunguza ukabaki baba, mama na watoto. Mama mzazi aliye mashambani hayumo. Wala ndugu aliyepoteza kazi hayumo. Kisha jambo likizuka tunashangaa kwamba makadirio yetu yamevurugika, ilhali tangu mwanzo yaliandikwa kwa ajili ya familia isiyokuwepo.

Katika mvua za Aprili mwaka huo, mama yangu aliteleza uani kwake, huko magharibi mwa Kenya, akavunjika nyonga. Gharama ya upasuaji ilizidi mshahara wangu wa miezi miwili. Tuko wanne kwake, na tulikubaliana kwa simu kwamba kila mmoja atatoa kiasi sawa. Majuma mawili yakapita, na fungu la ndugu yetu wa mwisho halikuonekana. Minong'ono ikaanza. Mmoja wetu alipendekeza tuuze kipande cha shamba tulichoachiwa na marehemu baba, na mnunuzi akawa amekwisha kupatikana.

Tulikutana nyumbani kwa Mama Jumamosi moja ili tulikamilishe jambo hilo. Kabla ya mazungumzo ya shamba kuanza, dada yetu mkubwa alidai kwamba kila mtu aseme kwanza anacho nini na anadaiwa nini. Kimya kilitanda. Hatimaye ndugu yetu alisema, “Dada, niliachishwa kazi tangu Februari. Niliona haya kuwaambia.” Dada naye akaiweka simu yake mezani, tukaiona mikopo mitatu midogo aliyokuwa akiizungusha ili alipe karo. Waama, mficha maradhi kifo humuumbua.

Kilichofuata ndicho kiini cha makala haya. Baada ya hali ya kila mmoja kujulikana, mzigo uliweza kugawanywa upya. Wenye fedha walitoa fedha. Asiyekuwa nazo alikuwa na wakati, naye alihamia kwa Mama kwa miezi mitano, akampikia, akampeleka kliniki na kumsaidia kujifunza kutembea tena kwa mkongojo. Lau tungemlipa mtu wa nje afanye kazi hiyo, gharama ingetushinda. Shamba halikuuzwa. Katika daftari la shilingi, mchango wa ndugu yetu ungeandikwa sufuri. Katika daftari la jamaa, hakuna aliyetoa zaidi yake.

Neno la pili ni makato. Hapa sina budi kutaja takwimu. Sheria ya nyumba za gharama nafuu iliyotiwa saini Machi 2024 ilirejesha ushuru wa asilimia 1.5 ya mshahara wote kabla ya makato mengine. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, mchango wa bima mpya ya afya ya jamii ukawa asilimia 2.75 ya mshahara huo. Chukua mfano wa mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 100,000. Chini ya hazina ya zamani ya bima ya hospitali alikatwa shilingi 1,700 kwa mwezi. Chini ya mpango mpya akakatwa 2,750, mbali na 1,500 za nyumba. Isitoshe, Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 mwezi wa Februari, na ingawa ilianza kukishusha mwezi wa Agosti, aliyekopa alikuwa ameshaionja shubiri.

Wazazi wengi huyajua haya yote, lakini huyaweka moyoni. Watoto huambiwa neno moja tu: hakuna. Hawaambiwi ni kwa nini hakuna, wala ni lini huenda kukawapo. Bila shaka nia ni njema, maana mzazi hataki kumtwika mtoto wasiwasi. Lakini mtoto aliyenyimwa maelezo hujitungia yake mwenyewe, na yale anayojitungia aghalabu huwa mabaya kuliko ukweli.

Binti yangu mkubwa ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Katika siku zile za Juni yeye na wenzake waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, wakawafafanulia wasioelewa. Jioni moja aliniuliza kwa adabu, “Baba, ikiwa sisi twaweza kuisoma bajeti ya nchi, mbona hatuisomi ya nyumba hii?” Swali hilo lilikuwa na uzito. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 201, inataka fedha za umma zisimamiwe kwa uwazi, uwajibikaji na ushirikishaji wa wananchi. Itakuwa vigumu kwa taifa kuidai kanuni hiyo serikalini ikiwa raia wake hawajawahi kuiona ikitumika sebuleni.

Basi tuliketi. Hati yangu ya mshahara na ya mke wangu ziliwekwa mezani, na mwana wetu wa miaka 14 akapewa kalamu ajumlishe. Nilitarajia kwamba vitu vya kwanza kukatwa vingekuwa safari ya Desemba na vitabu vyangu vya ndege, kwa kuwa ndivyo vilivyoonekana kuwa anasa. Watoto waliamua vingine. Walikata malipo ya televisheni ya kulipia, chakula cha kununuliwa mwisho wa juma na nguo za sikukuu. Safari waliibakiza, kwa sharti kwamba ingekuwa ile ile ya kumwamkia nyanya yao, na siku moja tu iongezwe.

Hilo lanileta kwenye neno la tatu, uraibu. Neno hili lina historia ya kusikitisha kidogo. Katika miaka ya 1990, mwanafunzi aliyeambiwa aandike insha juu ya uraibu wake alieleza habari za kandanda, kusoma hadithi au kukusanya stempu. Leo neno lilo hilo likitajwa redioni, msikilizaji huwaza dawa za kulevya, pombe na kamari za simu. Maana moja imeimeza nyingine. Nachelea kwamba jambo lenyewe limefuata neno. Tumewaachia vijana wetu burudani zinazowala, nasi tukaziona zile zinazowalisha kuwa ni upuuzi wa watu wasio na kazi.

Tofauti baina ya maana hizo mbili si ngumu kuiona. Pumbao jema humrudishia mtu zaidi ya kile alichokitoa. Lile baya humtaka aongeze kila siku. Langu mimi ni kukusanya majina ya ndege, katika Kiswahili na katika lugha zetu za nyumbani. Halihitaji mtaji zaidi ya daftari, kalamu na subira. Jina kama kigong'ota linaelekea kutokana na mlio wa ndege mwenyewe anapougonga mti, na hondohondo nalo lasikika kama sauti iliyogeuzwa neno. Jina la ndege likipotea, hupotea pamoja na maarifa ya aliyempa jina hilo: alikula nini, aliimba lini, mvua ilifuata baada ya siku ngapi.

Mwezi wa Agosti, Mama alipokuwa bado hawezi kutoka nje, aligeuka kuwa mwalimu wangu. Alilala karibu na dirisha, akasikiliza, akataja majina. Mwanangu aliandika. Kwa muda wa juma zima, kijana ambaye kwa kawaida hamalizi dakika tano bila simu alikaa kitandani kwa nyanya yake akimwuliza maneno ya lugha ambayo yeye mwenyewe huisema kwa kukwamakwama. Katika ukurasa gani wa mapato na matumizi lingeandikwa jambo hilo?

Neno la nne ni kutalii. Siku hizi tukilisikia huwaza magari yenye paa la kufunguka, simba na wageni wenye kamera. Lakini katika Kiswahili cha zamani kutalii kulikuwa ni kusoma na kuchunguza jambo kwa makini. Mtu aliweza kutalii kitabu. Kwa maana hiyo, mwenye haki ya kwanza ya kuitalii nchi ni mwenyeji wake.

Desemba tulikwenda Msitu wa Kakamega, usio mbali na nyumbani kwa Mama. Watu huupita kwa gari wakienda kwao kila mwaka bila kuingia. Hata hivyo huo ndio masalio ya pekee nchini Kenya ya ule msitu mkuu wa mvua unaoanzia magharibi na katikati ya Afrika. Una aina zaidi ya 300 za ndege, na baadhi yao hawaonekani penginepo nchini. Tuliingia alfajiri tukiwa na kijana mwongozaji wa pale pale, aliyekulia ukingoni mwa msitu. Tuliona mbega weupe kwa weusi wakiruka juu ya vichwa vyetu, na hondohondo wawili wakipita kwa kishindo cha mbawa. Alituonyesha mti ambao wenyeji huuita mwiritsa, wenye gome linalotafutwa kwa dawa ya tezi ya kiume, akatueleza jinsi mti unavyokufa ukibambuliwa gome pande zote. Mwanangu alisema polepole, “Kumbe mti nao unaweza kukatwa mpaka ukaisha, kama mshahara.” Tulicheka, ila sote tulielewa.

Jioni alimwigia nyanya yake sauti ya ndege ambaye tulimsikia bila kumwona. Mama alilitaja jina kabla hajamaliza, kisha akaeleza kwamba alipokuwa msichana ndege huyo alisikika hadi shambani kwao, ambako sasa hakuna hata mti mmoja mkubwa. Hakuna kitabu nilicho nacho ambacho kingeweza kumfundisha mtoto habari ya kupungua kwa msitu kwa ufupi namna hiyo.

Najua wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu anayepokea mshahara, hata kama umechelewa. Asiyekuwa na unga atatalii nini? Pingamizi hiyo ni ya haki. Sisemi kwamba ndege huliwa badala ya ugali, wala kwamba makato yawe mepesi kwa kuwa msitu unapendeza. Wanaotoza ushuru wangali na wajibu wa kueleza waliutumia vipi. Ninachosema ni kwamba ufukara hauondoi haja ya daftari pana; huizidisha. Nyumba isiyo na fedha inaishi kwa watu wake, kwa muda wao, kwa maarifa yao na kwa ardhi iliyoizunguka. Hivyo visipoandikwa popote, huuzwa kwa bei ya kutupa siku ya kwanza ya shida, kama lile shamba lilivyokaribia kuuzwa.

Kwa hiyo natoa pendekezo moja. Kabla ya kuufunga mwaka, kila nyumba na iketi, wakubwa kwa wadogo, na ijibu maswali manne kwa sauti. Ni nani aliyekuwa wetu mwaka huu, naye alitoa nini? Tulipata ngapi, tukakatwa ngapi, na tunadaiwa na nani? Ni jambo gani tulilolifanya kwa kulipenda tu, nalo likaturudishia nini? Na ni sehemu gani ya nchi yetu tuliyoitazama kwa makini? Majibu yaandikwe kwenye daftari moja, na daftari hilo liwekwe mahali ambapo hata mtoto anaweza kulifikia na kulisoma.