Gololi za Kusagia Mwani

Vijana wanaokuja hapa Makunduchi kuuliza habari za kinu changu cha kuzungusha huanza na mota. Mota si taabu: ile ya mashine ya kufulia iliyokufa, mkanda, na chombo cha stenlesi chenye kifuniko cha kubana. Kazi imo ndani. Chombo kikizunguka, gololi hupanda na ukuta kisha huporomokea mwani, na kila zikigongana hulika kidogo. Kinacholika hakiendi popote, kimo katika unga. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza: uko radhi unga wako uchanganyike na nini?

Geita, makarasha ya wachimbaji wadogo husaga mawe ya dhahabu kwa gololi za chuma, na chuma kikibaki mchangani hakuna anayejali. Mwani, uliolimwa pwani yetu hii tangu 1989 kwa kuanzia Paje na Jambiani, siku hizi unaingia kwenye sabuni. Hata ukiukausha juani una chumvi. Gololi za beringi zikilala nao usiku mmoja wa masika, asubuhi zina kutu, na sabuni itatoka na madoa.

Wapo wanaookota kokoto ufukweni, maana ni za bure. Kamulia ndimu juu yake: ikitoa povu, ni chokaa ya matumbawe, na hapa karibu zote hutoa povu. Ni laini; utasaga mawe kuliko mwani. Viwanda vya zamani vya Ulaya vilitumia kokoto za pwani za Denmark na Ufaransa, lakini zile ni za gumegume.

Gololi za kioo za watoto ni safi, ila zikimeguka, vipande huingia kwenye sabuni atakayojisugulia mtu usoni. Risasi ya betri kuukuu usiiguse. Ni nzito kweli, mara 11 ya maji, lakini ni sumu.

Mimi natumia seramiki ya alumina, nyeupe na ngumu. Uzito wake haufiki nusu ya chuma, basi husaga polepole. Nami sina haraka. Stenlesi pia inafaa, lakini nenda dukani na sumaku: isiponasa, au ikinasa kwa mbali tu, kwa kawaida ndiyo inayostahimili chumvi.

Changanya za milimita 10 na 20, zifike nusu ya chombo, mwani ujaze mianya tu. Chombo cha upana wa sentimita 20 kikifika mizunguko 100 hivi kwa dakika, gololi hung'ang'ania ukutani na hazisagi kitu. Nakiendesha kati ya 65 na 75, na nasikiliza: iwe sauti ya mvua juu ya bati, mfululizo.

Na mwani uwe umekauka hasa. Uvunje kwa vidole. Ukipinda bila kukatika, urudishe juani.