Je, Wajua? Kazi Moja, Faili Nyingi

Katika viwanda vya chai vya Kebirigo na Nyansiongo, majani yaliyokaushwa hupita kwenye chekeche na kutoka yakiwa madaraja kadhaa, punje kubwa kando, vumbi kando. Hakuna anayetangaza kwamba kazi imekwisha kwa kuwa gunia moja limejaa. Programu ya Python, isipofundishwa, hutangaza hivyo bila wasiwasi.

Chukua sensa ya Kenya ya 2019. Kisii ilihesabiwa watu 1,266,860 na Nyamira 605,576. Tuseme mtaalamu wa takwimu ana jedwali moja la kaunti zote mbili, na ameandika kazi moja inayolisoma kisha kuhifadhi faili mbili, kila kaunti na yake. Faili ya Kisii inaandikwa. Ya Nyamira inafika katikati, stima inapotea. Kesho yake programu inawashwa, inaona faili ya Kisii ipo, inaamini kazi ilikamilika na kuendelea na hatua inayofuata. Nyamira imebaki na nusu faili. Kwangu mimi nusu faili ni hatari kuliko faili isiyokuwepo, maana hufunguka vizuri tu, na anayeisoma hana namna ya kujua kwamba tarafa nzima hazimo.

Shida za aina hii ndizo zilizowafanya wahandisi wa Spotify, kampuni ya muziki ya Uswidi, watengeneze Luigi, programu huria waliyoitoa kwa umma mwaka 2012. Jina ni la yule fundi bomba mwenye nguo za kijani katika michezo ya Nintendo, kwani data nayo hutiririka kutoka kazi moja hadi nyingine. Kila kazi ndani ya Luigi hutaja mapema faili itakazozalisha. Inaweza kutaja moja, orodha, au kamusi yenye jina la kila faili. Kazi huhesabiwa imekamilika pale tu faili zote zilizotajwa zinapokuwepo. Moja ikikosekana, kazi yote inarudiwa.

Kuwepo peke yake hakutoshi, ndiyo maana Luigi huandika kwanza kwenye faili ya muda, kisha huipa jina lake halisi inapofungwa salama. Asiyetumia Luigi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa os.replace, iliyomo ndani ya Python tangu toleo la 3.3. Sharti ni kwamba faili ya muda ikae kwenye mfumo uleule wa faili (filesystem) na faili ya mwisho. Na faili zikiwa nyingi, ziandikwe zote kwa majina ya muda, zikaguliwe, ndipo zibadilishwe majina kwa pamoja.

Wakati mwingine idadi ya faili haijulikani mapema. Hapo wengi hufuata desturi ya Hadoop, programu ya kuchakata data nyingi: faili zote zikishaingia kwenye folda, huwekwa faili tupu iitwayo _SUCCESS. Hatua inayofuata husubiri hiyo tu.

Baada ya hayo yote, jumlisha. Faili ya Kisii na ya Nyamira lazima zitoe watu 1,872,436. Sasa gawa jedwali lilelile kwa jinsia, faili ya wanawake na faili ya wanaume: utapata 1,872,385. Wamepungua 51. Hao ni huntha (intersex), 38 wa Kisii na 13 wa Nyamira, waliohesabiwa katika sensa ya kwanza ya Kenya kuwatambua. Stima haikupotea, faili zote zipo, kila moja ni nzima, na bado watu 51 hawamo, kwa sababu aliyeandika kazi alitaja faili mbili palipohitajika tatu. Ewe kijana unayejifunza Python huko Kisii au Nyamira, iandike hesabu hiyo ya jumla ndani ya kazi yenyewe, na jumla isipolingana, programu ikatae kuhifadhi chochote.