Kromatografia ya uambatano

Kromatografia ya uambatano ni mbinu ya maabara inayotumika kutenga protini moja kutoka katika mchanganyiko wa protini nyingi. Inategemea tabia ya protini kushikana na dutu fulani tu, kama kingamwili inavyoshikana na antijeni yake.

Historia

Mwaka 1910 Emil Starkenstein alionyesha kwamba kimeng'enya cha amilasi hushikana na wanga usioyeyuka. Mbinu ilipata jina lake mwaka 1968, Pedro Cuatrecasas, Meir Wilchek na Christian Anfinsen walipoitumia nchini Marekani kusafisha vimeng'enya.

Hatua zake

1. Dutu inayonasa protini, iitwayo ligandi, hufungwa kwenye punje za agarosi, ambayo hutokana na mwani mwekundu. Punje hizo hujazwa katika mrija uliosimama wima.
2. Mchanganyiko humiminwa juu. Protini inayotakiwa hunaswa, nyingine hupita na kutoka chini.
3. Mrija husuuzwa ili kuondoa mabaki.
4. Protini iliyonaswa huachiliwa kwa kubadilisha kiwango cha asidi au chumvi, au kwa kuongeza dutu inayogombea nafasi ileile.

Kama hakuna ligandi inayofaa, wataalamu hubadilisha jeni ili protini itoke na mkia mfupi wa asidi amino. Mkia wa histidini sita, kwa mfano, hushikana na nikeli.

Matumizi katika chanjo ya malaria

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huhitaji protini ya RH5 ili kuingia katika seli nyekundu za damu. Chanjo ya majaribio ya RH5.1, iliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oxford, ina protini hiyo. Hutengenezwa ndani ya seli za nzi wa matunda zinazokuzwa maabara, kisha hunaswa kwa mkia wa asidi amino nne tu. Nchini Tanzania imejaribiwa Bagamoyo na Taasisi ya Afya Ifakara.

Usafi ni jambo la lazima hapa: chanjo hudungwa kwa watu wenye afya, wakiwemo watoto wachanga, na mabaki ya seli za nzi yanaweza kuuchochea mwili dhidi ya kitu kisichokusudiwa.

Mipaka

Ligandi nyingi ni ghali, na nyingine huvuja na kuchanganyika na protini. Kwa hiyo mara nyingi hufuata hatua ya pili, ya kutenganisha protini kwa ukubwa. Mwishowe usafi hupimwa kwa elektroforesisi: protini nyingine zikibaki, huonekana kwenye jeli kama mistari ya ziada.