Nani Alipie Upepo?

Kila inapozungumzwa namna ya kuinua kiwango katika mbio za baiskeli za barabarani, wengi hukimbilia habari za mapafu, miguu na uzito wa baiskeli. Yana nafasi yake, lakini mbio nyingi huamuliwa na hesabu nyingine: nani anapasua upepo na nani amejibanza nyuma yake. Kwenye tambarare, mwendo ukifika kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huliwa na hewa, tena gharama hiyo hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe. Anayetoka kilomita 36 kwa saa kwenda 45 ameongeza mwendo kwa robo tu, ila nguvu ya kupambana na hewa inakaribia kuwa maradufu. Aliye nyuma ya gurudumu la mwenzake hulipa kidogo sana. Utafiti wa Bert Blocken na wenzake, uliochapishwa 2018, ulionyesha kwamba walio ndani kabisa ya kundi la waendeshaji 121 hukabili asilimia 5 hadi 10 tu ya ukinzani ambao wangeukuta wakiwa peke yao.

Kwa hesabu hiyo, anayechomoka peke yake angekamatwa kila mara. Kinachomwokoa ni kwamba kundi halina mfuko mmoja. Anayejitolea kuvuta anawavuta na wapinzani wake, kisha mwishoni anapitwa na yuleyule aliyekuwa akitegea. Basi kila mtu anamsubiri mwenzake na pengo linakua. Hapo ndipo Anna Kiesenhofer wa Austria, msomi wa hisabati asiye na timu ya kulipwa, alipopatia dhahabu ya Olimpiki ya Tokyo tarehe 25 Julai 2021. Alichomoka mbio zilipoanza tu, na zikiwa zimebaki kama kilomita 40 kati ya 137 akawaacha wenzake wa mwisho waliokuwa naye mbele. Uholanzi ilikuwa na waendeshaji wanne, yeyote kati yao akitosha kuwa bingwa. Mmoja wao, Annemiek van Vleuten, alivuka mstari sekunde 75 baadaye, mikono juu, akidhani ameshinda.

Mtu atasema hiyo ilikuwa ajali tu, kwa kuwa redio za mawasiliano haziruhusiwi katika Olimpiki. Lakini katika mashindano ya dunia ya Kigali, Septemba 2025, vinara wa mbio za wanawake walichungana wao kwa wao mpaka taji likaenda kwa Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye wachache walimtaja kabla. Pingamizi zito zaidi ni Tadej Pogačar. Siku iliyofuata, katika mbio za wanaume za mji huohuo, alishambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Miguu ilitosha, ndiyo, ila angalia alipoanzia: Mlima Kigali, mpando wa karibu kilomita 6 wenye mwinuko wa wastani wa karibu asilimia 7. Mwendo ukipungua hewa hulegea, mzigo mkubwa unabaki kuwa uzito wa mtu mwenyewe, na kujificha hakuna faida kubwa. Hata mwenye nguvu kuliko wote alichagua mahali ambapo wategeaji hawana pa kujibanza.

Ndiyo maana ningemshauri kocha atenge muda wa kufundisha zamu za kuvuta, si kupima wati pekee. Kosa la kawaida ni anayeshika zamu kukanyaga kwa nguvu ili aonekane. Pengo linafunguka nyuma yake na wenzake wanachoka kuliziba. Mwendo wake ubaki uleule, na anayemaliza zamu ndiye alegeze kidogo, akitokea upande unakotoka upepo. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, waendeshaji hujipanga mshazari, na upana wa barabara ndio unaoamua wangapi watapata kinga. Waliobaki hubanwa kwenye changarawe za ukingoni, kila mmoja akipigwa upepo mzima. Kwa hiyo nafasi hugombewa kilomita kadhaa kabla ya kona inayotokeza mahali pa wazi, wakati mtazamaji anaona kama hakuna kinachoendelea.