Mshahara wa Kesho Ulioliwa Jana

Alhamisi ya tarehe 5 Agosti 2021, Barcelona ilitoa taarifa fupi kwamba Lionel Messi hataendelea kuichezea. Siku tatu baadaye mchezaji mwenyewe alisimama mbele ya waandishi wa habari akilia, kitambaa mkononi, akieleza kwamba alikuwa amekubali kukatwa nusu ya mshahara ili abaki. Kuanzia Barcelona mpaka vibanda vya kuonyeshea mpira vya Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, washabiki walibaki na swali moja: klabu inamtaka, yeye anaitaka, mshahara umeshakatwa nusu, sasa kilichokwama ni nini? Jibu lililozoeleka ni kwamba alikuwa ghali mno. Nadhani jibu hilo linatupotosha. Mshahara mkubwa unaweza kubebeka vizuri kabisa ikiwa umepangwa kulipwa mwaka ambao fedha zipo. Kilichomwondoa Messi ni tarehe: ahadi ambazo klabu ilikuwa imezisogeza kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, mpaka ukafika mwaka ambao haukuwa na nafasi hata ya kumsajili mchezaji wake bora kuliko wote.

Tuanze na kanuni yenyewe. La Liga ilianzisha udhibiti wa matumizi ya klabu mwaka 2013. Ukichukua mapato ambayo klabu inatarajia kuyapata msimu huo, ukaondoa gharama zisizohusu timu na madeni yanayopaswa kulipwa, kinachobaki ndicho ukomo wa gharama za kikosi. Ndani ya ukomo huo hazimo pesa za mishahara peke yake. Zimo bonasi, malipo ya makocha, na kipande cha kila mwaka cha ada ya uhamisho. Kwa hiyo hakuna kiwango kimoja kwa klabu zote. Kila moja hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba hupimwa upya kila msimu. Kamba ya Barcelona msimu wa 2019-20 ilikuwa yuro milioni 671. Novemba 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, ilishuka hadi karibu milioni 383. Septemba 2021 ikawa karibu milioni 98. Machi 2022 La Liga ilitangaza takwimu ambayo wengi walidhani imekosewa uchapaji: hasi milioni 144. Maana yake klabu ilipaswa kwanza kufukia shimo la kiasi hicho kabla haijahesabiwa kuwa na senti ya kutumia kwa uhuru.

Hicho kipande cha ada ya uhamisho ndicho kinachowachanganya wengi, na ndipo siri ya kazi nzima ilipo. Barcelona ilipomchukua Antoine Griezmann Julai 2019 kwa yuro milioni 120 na kumpa mkataba wa miaka 5, vitabu vya hesabu havikuandika milioni 120 mwaka huo. Viliandika 24 kila mwaka kwa miaka 5. Mwaka wa kwanza ununuzi unaonekana mwepesi, na kiongozi aliyeidhinisha anapigwa picha akitabasamu. Lakini baada ya misimu 2 bado zimebaki milioni 72 ambazo hazijaandikwa, na ukimwuza chini ya hapo tofauti yote inaingia kwenye hesabu za mwaka huo kama hasara, kwa mkupuo. Kila mchezaji wa gharama kubwa anayeporomoka kiwango anageuka mzigo usiouzika: mshahara wake unawatisha wanunuzi, na thamani iliyobaki vitabuni inamtisha muuzaji. Barcelona ilipompoteza Neymar mwaka 2017 ilipokea milioni 222, ikazitumia kwa Ousmane Dembélé na Philippe Coutinho, kisha Griezmann akafuata. Fedha za Neymar zilipokelewa mara moja. Vipande vya waliomrithi vilitawanywa katika miaka iliyofuata, vikipangana na mkataba wa Messi wa mwaka 2017, ambao gazeti la El Mundo liliuanika Januari 2021: hadi yuro milioni 555 kwa misimu 4, kabla ya kodi, zikiwamo zaidi ya milioni 100 kwa kukubali tu kuongeza muda.

Halafu likaja lile la Oktoba 2020, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Mageti yamefungwa, hakuna tiketi, hakuna watalii wa kutembelea jumba la makumbusho la Camp Nou. Klabu ilihitaji kupunguza mishahara haraka. Tarehe 20 mwezi huo ilitangaza kwamba Gerard Piqué, Marc-André ter Stegen, Clément Lenglet na Frenkie de Jong wameanguka saini mikataba mipya: Piqué hadi 2024, ter Stegen hadi 2025, Lenglet na de Jong hadi 2026. Wachezaji walikubali kupokea kidogo wakati wa shida, na sehemu ya walichoachia ikasogezwa miaka ya mbele. Siku 7 baada ya wino kukauka, rais Josep Maria Bartomeu na bodi yake walijiuzulu. Sisemi wachezaji walikosea. Mfanyakazi aliyeombwa kusubiri mshahara wake ana haki ya kulipwa, na kuwaandama wachezaji hao kana kwamba walipora ni dhuluma. Ninachosema ni kwamba aliyesaini ahadi hakuwapo tena siku ya kuitekeleza. Joan Laporta, aliyechaguliwa rais Machi 2021, ndiye aliyesimama tarehe 16 Agosti kueleza kwamba madeni yamefika yuro milioni 1,350 na kwamba mishahara inakula asilimia 103 ya mapato.

Katika hali hiyo mkataba wa Messi ulikwisha tarehe 30 Juni. Hapo ndipo penye jibu la swali la vibandani. Mchezaji ambaye mkataba wake bado unaishi hubaki amesajiliwa hata kama klabu imepita ukomo. La Liga haiwezi kumfukuza kazi mtu mwenye mkataba halali. Lakini usiku wa Juni 30 ulipopita, Messi, baada ya zaidi ya miaka 20 pale, aligeuka kisheria kuwa mchezaji huru kama mgeni yeyote anayeshuka uwanja wa ndege, na kumrudisha kulihesabika kuwa usajili mpya. Klabu iliyopita ukomo hairuhusiwi kusajili ila kwa fedha ilizookoa, tena kiangazi kile ilibanwa kutumia yuro 1 tu kati ya kila 4 ilizopunguza. Nusu ya mshahara wa Messi bado ilikuwa nyingi, na kuipatia nafasi kungehitaji kuondoa mara 4 ya kiasi hicho kwa watu wengine, ambao mikataba yao ilikuwa haijaisha. Agosti hiyohiyo Piqué alikatwa mshahara ili Memphis Depay na Eric García waliotua bila ada waweze kusajiliwa kabla tu ya mechi ya kwanza dhidi ya Real Sociedad, na siku ya mwisho ya dirisha Griezmann alirudishwa Atlético kwa mkopo.

Wapo wanaosema kanuni inayomfukuza Messi ni kanuni mbaya, na ligi iliyojikata mkono wake yenyewe haiwezi kushindana na Uingereza. Malalamiko hayo nayaelewa. Lakini anayeyatoa airejee Hispania ya kabla ya kanuni hiyo. Agosti 2011 mzunguko wa kwanza wa ligi haukuchezwa, kwa sababu wachezaji waligoma. Chama chao kilisema wenzao 200 wanadai mishahara isiyolipwa ya takriban yuro milioni 50. Hao hawakuwa akina Messi. Walikuwa mabeki wa klabu ndogo wenye kodi za nyumba, walioahidiwa fedha ambazo aliyeahidi alijua hana. Na kanuni iliwauma wadogo pia: mwaka 2015 Elche ilimaliza ya 13 uwanjani, ikashushwa daraja kwa madeni, na Eibar iliyokuwa nafasi ya 18 ikabaki. Ni uchungu mkubwa kwa washabiki wa Elche, sikatai. Kwetu Afrika Mashariki msamiati huu unaeleweka bila mkalimani: ni mara ngapi tumesikia klabu imefungiwa kusajili na FIFA kwa sababu ya deni la mchezaji au kocha aliyeondoka zamani? Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 kutoa notisi ya siku 15 na kuvunja mkataba kwa haki. Tofauti ni kwamba FIFA inakuja baada ya mtu kudhulumiwa, ilhali ukomo unauliza kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la usawa. Ukomo unaotegemea mapato unamwacha tajiri na utajiri wake. Kwa nini usiwekwe mmoja kwa wote, kama Wamarekani? Ligi yao ya mpira wa Kimarekani, NFL, ina ukomo unaolingana kwa timu zote, ulioanza 1994, na mwaka 2024 ulikuwa dola milioni 255.4. Ni kweli unasawazisha nguvu, na kwa haki ya mashindano nauona bora. Ila hautibu ugonjwa ninaouzungumzia. Kule bonasi ya kusaini inaweza kugawanywa kwa miaka hadi 5 hata kama imelipwa siku hiyohiyo, na mchezaji akiachwa, vipande vilivyobaki vinaikaba timu. Denver Broncos walimwongezea Russell Wilson miaka 5 kwa dola milioni 245 Septemba 2022. Machi 2024 walimwacha, miaka ile ya nyongeza ikiwa hata haijaanza, na ukomo wao ukabeba dola milioni 85 zake kwa misimu 2 aliyokuwa akichezea timu nyingine. Chelsea nao, Januari 2023, walimpa Enzo Fernández mkataba wa miaka 8 na nusu ili pauni milioni 106.8 zigawanyike kuwa vipande vyembamba. UEFA, na baadaye Ligi Kuu ya Uingereza, zikaweka kikomo cha miaka 5 katika kugawanya gharama hiyo. Nchi tatu, kanuni tatu, na mlango wa nyuma ni uleule.

Mtu atasema: mbona Barcelona imetwaa ubingwa 2023 na 2025? Je, kukopa kesho hakukulipa? Mwaka 2022 iliuza robo ya mapato yake ya televisheni ya La Liga kwa miaka 25 kwa kampuni ya Sixth Street, na kwa fedha hizo ikasajili akina Robert Lewandowski na Raphinha. Walisaidia, bila shaka. Lakini tazama waliobeba kikosi pembeni yao: Gavi, Alejandro Balde, Pau Cubarsí, na Lamine Yamal aliyeingia uwanjani Aprili 2023 akiwa na miaka 15. Hawa walitoka La Masia, akademia ya klabu. Hawana kipande cha ada ya uhamisho kitabuni, si cha mwaka huu wala cha mwaka 2029. Akademia iliifanyia klabu kile ambacho hesabu za kusogeza haziwezi.

Na zile za kusogeza bado zinadai. Kipa ter Stegen, yule wa Oktoba 2020, aliongezewa tena mkataba mwaka 2023, hadi 2028. Julai 2025 alifanyiwa upasuaji wa mgongo, akaandika hadharani kwamba atakuwa nje takriban miezi 3. Klabu ilihitaji awe nje zaidi ya miezi 4, kwa kuwa jeraha la muda huo linaruhusu asilimia 80 ya mshahara wa aliyeumia kutumika kumsajili mwingine, na kipa mpya, Joan García, alikuwa anasubiri. Ripoti ya daktari haiwezi kupelekwa La Liga bila idhini ya mgonjwa, na ter Stegen hakutia saini. Tarehe 7 Agosti alivuliwa unahodha. Tarehe 8 alisaini, akarudishiwa kitambaa, na García akasajiliwa kabla ya mechi ya kwanza na Mallorca.